«Wasafiri wa Siri»: Neno Moja katika Matangazo ya Ajali za Gari la Moshi

Tumezoea kupima vitabu, nyimbo na michezo, tukisema hiki kimetungwa vizuri, hiki kina kasoro. Leo twataka kupima maandiko ya namna nyingine. Hayana mwandishi mwenye sifa, na watu huyasikia mara moja redioni, kisha huyasahau. Ni yale matangazo yanayotolewa kila mara gari la moshi linapoanguka katika nchi yetu ya Kongo. Kila moja ni fupi. Lakini ukiyaweka pamoja, la mwaka huu kando ya la mwaka ule, waona kwamba yamekuwa kama litania: maneno ni yaleyale, mpango ni uleule. Na ndani yake limo neno moja ambalo sisi twaona halifai, nalo ndilo tunalotaka kulichungua.

Kwanza tukumbushe mambo yenyewe. Tarehe 1 Agosti 2007, katika njia ya Ilebo na Kananga, gari la moshi liliacha reli karibu na Benaleka, huko Kasai. Walikufa karibu watu 100, na ikatangazwa kwamba breki zilikosa nguvu. Tarehe 22 Aprili 2014 gari la mizigo lilianguka Katongola, upande wa Kamina. Walikufa zaidi ya watu 50. Tarehe 12 Novemba 2017 gari lililovuta matangi 13 ya mafuta lilitumbukia korongoni upande wa Lubudi, katika jimbo la Lualaba. Mafuta yakawaka, na watu zaidi ya 30 wakafa. Septemba 2019 ikawa zamu ya Mayibaridi, katika jimbo la Tanganyika. Kisha usiku wa tarehe 10 Machi 2022, Buyofwe, upande uleule wa Lubudi, gari la mizigo lililotoka Luena kwenda Tenke liliacha reli na wagoni zake zikaanguka makorongoni. Siku za kwanza walihesabiwa wafu 60. Baadaye hesabu ikafika 75.

Hatukutaja ajali zote. Tumetaja zile zilizofika hata katika habari za dunia.

Sasa tazameni jinsi tangazo linavyojengwa. Linaanza na mahali na saa. Linafuata na hesabu ya wafu, ambayo karibu kila mara hubadilika. Pengine latajwa jambo la breki, au la mwendo, au la kona. Lasemwa kwamba uchunguzi utafanyika. Halafu, kabla ya pole kwa jamaa za marehemu au mara baada yake, lafika lile neno: waliokufa walikuwa «clandestins». Ni neno la Kifaransa. Kwa lugha yetu twaweza kusema wasafiri wa siri, watu waliopanda kwa kujificha. Gari lilikuwa la mizigo, halikuruhusiwa kuchukua abiria, basi wale waliokuwamo hawakupaswa kuwamo.

Tulipime neno hili kwa haki. Je, ni la uongo? Kwa sheria, si la uongo. Gari la mizigo ni la mizigo, na mtu asiye na tikiti hana haki ya kukaa juu ya wagoni. Lakini neno laweza kuwa kweli kwa sheria na likaficha ukweli kwa macho. Mtu mmoja aweza kujificha katika wagoni. Wawili waweza. Kijana mwembamba aweza kulala chini ya turubai mpaka afike mjini. Lakini mwaka 2022 ilisemwa kwamba gari lilikuwa na wasafiri wa siri mamia kadhaa. Mamia kadhaa ya watu hawajifichi! Mamia ya watu, pamoja na magunia ya mahindi, mafurushi ya mihogo, kuku, masufuria na watoto mgongoni, ni soko zima. Soko haliingii wagonini kwa siri. Linaingia mbele ya stesheni, mbele ya mlinzi, mbele ya yule anayeshika bendera. Kuwaita watu hao wasafiri wa siri ni kusema kwamba hakuna aliyewaona; na kama hakuna aliyewaona, hakuna atakayeulizwa.

Tena, angalieni neno linakaa wapi katika maneno mengine. Halikai mwanzoni, mahali pa kueleza safari. Linakaa karibu na hesabu ya wafu, nalo linasikika kama sababu. Wamekufa watu 75, walikuwa clandestins. Msikilizaji aliye mbali, huko Kinshasa au Ulaya, anaunganisha mambo hayo mawili bila kuambiwa. Anafikiri: maskini, lakini walijitakia. Ndivyo neno moja linavyofanya kazi ya wakili.

Liko jambo jingine katika tangazo la Buyofwe ambalo lilitugusa zaidi. Ilielezwa kwamba gari lilikuwa na wagoni 15, na kati yake 12 zilikuwa tupu. Wagoni zilihesabiwa sawasawa, zenye mzigo na zisizo na mzigo. Wagoni tupu! Ndani ya utupu huo walikuwamo mama, wachuuzi, wanafunzi na watoto. Hesabu ya chuma ilijulikana mapema. Hesabu ya watu ilikuwa bado yapanda. Na Mayibaridi mwaka 2019 mambo yalikwenda kinyume: waziri mmoja alitangaza wafu 50, kisha katika siku zilizofuata hesabu ikashuka sana. Hatudhani kwamba mtu alitaka kudanganya. Hakuwa na mahali pa kusoma hesabu ya kweli, kwa maana asiye na tikiti hana mahali alipoandikwa. Sisi wa parokia twaweza kulielewa jambo hili vizuri. Katika kitabu cha ubatizo kila mtoto ana mstari wake: jina, tarehe, wazazi, msimamizi. Akioa, akifa, mstari wake waongezwa neno. Watu wa gari la mizigo hawana mstari. Ndiyo maana twasema tikiti si bei tu. Ni ushuhuda kwamba fulani alikuwamo, na kwamba mwingine amekubali kumfikisha.

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 13, Bwana wetu Yesu Kristu anataja ajali ya siku zake: mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 ukawaua. Yaonekana watu walikuwa tayari kusema kwamba wale 18 walikuwa na hatia kubwa kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Bwana anawauliza hivyo hasa, na anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha anageuza neno la toba kuelekea kwa wale walio hai wanaomsikiliza. Tangazo letu linafanya kinyume. Linatafuta hatia kwa wale waliolala chini ya chuma, wasioweza kujibu, na linawaacha walio hai katika amani yao.

Lakini na sisi wakristu tuna tangazo letu la desturi, nalo si bora. Tukisikia ajali twasema: «Ni mapenzi ya Mungu,» kisha twanyamaza. Na mahali gari linapoanguka mara mbili, kama upande huo wa Lubudi, si ajabu wengine wakaanza kutafuta mzimu wa mahali. Sisi twasema: kwanza tutafute bolti. Tutafute taruma lililooza, reli iliyochakaa, mpira wa breki uliopasuka. Tukimaliza kuvitafuta hivyo vyote, ndipo tuzungumze juu ya mizimu. Kumtupia Mungu kazi ambayo fundi hakuifanya ni kulitaja bure jina lake.

Wasomaji wengine watauliza: breki ya gari la moshi hufanyaje kazi, hata ikose nguvu? Yafaa kulijua, kwa maana matangazo hulitaja jambo hili kama vile mtu asemavyo mvua ilinyesha. Chini ya gari zima, kutoka injini hadi wagoni ya mwisho, hupita bomba la hewa. Kati ya wagoni na wagoni bomba hilo linaunganishwa kwa mpira. Injini hujaza bomba hewa yenye nguvu. Bomba likijaa, breki huachia magurudumu. Hewa ikipungua, breki hushika. Yaani mwenye akili aliyebuni chombo hiki, Mmarekani George Westinghouse, katika mwaka 1872, alikipanga hivi kwamba gari likikatika vipande viwili, au mpira ukipasuka, wagoni zishike breki zenyewe bila kungoja mkono wa mtu. Kushindwa kwake ndiko kunakosimamisha gari. Ni chombo kilichotungwa kwa kumhurumia binadamu anayesahau. Lakini chataka kutunzwa: mipira iwe mizima, vali ziwe safi, hewa isivuje kidogo kidogo, bomba lisifungwe katikati, mbao au chuma cha kubana gurudumu kisiishe. Na chataka kujaribiwa kabla ya safari, kila safari. Basi tangazo likisema breki zilikosa nguvu, halijasema sababu. Limetaja tu swali. Nani alizijaribu, wapi, saa ngapi, na aliandika nini?

Mambo haya si mapya. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, gari la moshi lilijaa watoto na wazazi wa mafundisho ya dini ya Wametodisti, waliokuwa wakienda kutembea pwani. Gari lilishindwa kupanda mlima. Wakuu wa gari wakaamua kulikata vipande viwili, wapeleke kipande cha mbele kwanza. Breki zao hazikuwa za namna ile ya kushika zenyewe. Zilipotenganishwa na injini zilikuwa kama hazipo. Mabehewa ya nyuma yakaachwa mlimani, yakishikwa kwa breki ya mkono na mawe chini ya magurudumu. Mawe hayakutosha. Mabehewa yakarudi nyuma, yakashika mbio, yakagonga gari jingine lililokuwa likija. Walikufa watu 80, na wengi wao walikuwa watoto. Sisi tunaofundisha watoto dini hatuwezi kuisoma habari hii kwa utulivu. Lakini someni na mwisho wake: kabla ya mwaka huo kwisha, Bunge la Uingereza lilikuwa limetunga sheria ya kulazimisha kila kampuni ya reli kuweka breki za kushika zenyewe katika magari ya abiria, na kutoruhusu magari mawili katika kipande kimoja cha njia. Kampuni zilikuwa zimebisha kwa miaka mingi kwamba gharama ni kubwa. Baada ya watoto wa Armagh hazikusikilizwa tena.

Tusifikiri kwamba kwa sababu sheria ilitungwa Ulaya mlima umeacha kuwa mlima. Tarehe 24 Juni 2002, Igandu, katika mkoa wa Dodoma nchini Tanzania, gari la abiria lenye watu zaidi ya 1,200 lilishindwa kupanda, breki zikakosa kushika, likarudi nyuma kwa mbio hata likagonga gari la mizigo. Walikufa watu 281. Ni njia ileile ya reli inayoishia Kigoma, ambayo mizigo yake huvuka ziwa mpaka Kalemie kwetu. Jamaa zetu wengi wameisafiri. Miaka 113 ilipita kati ya Armagh na Igandu, na mambo yaliyotukia yanafanana kama ndugu wawili.

Hata hivyo kuna tofauti moja kati ya Igandu na Buyofwe. Wa Igandu walikuwa abiria katika gari la abiria. Wa Buyofwe hawakuwa na gari la kupanda. Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha neno letu. Kwa nini mtu apande juu ya wagoni ya makaa au ya shaba usiku, akishika kamba kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili? Si kwa kupenda hatari. Njia za magari katika sehemu nyingi za Katanga na Kasai hazipitiki wakati wa mvua, na lori nalo halina huruma kuliko wagoni. Gari la abiria huja kwa nadra, na likija huchelewa, pengine kwa siku nyingi. Mama mwenye magunia matatu ya mahindi, na ada ya shule ya watoto imo ndani ya magunia hayo, hawezi kungoja gari lisilojulikana siku yake. Gari la mizigo laja. Anapanda. Na twajua desturi ya magari ya mizigo, ya reli na ya barabara: mahali pa kukaa mara nyingi hapatolewi bure. Yupo anayepokea kitu kidogo mkononi. Basi msafiri wa siri amelipa, na aliyepokea anajua uso wake. Siri imebaki kwa kitabu cha hesabu tu.

Kwa hiyo, wale wanaosema kwamba uzuri wa gari la abiria ni anasa, na kwamba kwanza tushughulikie usalama, hao wanatenganisha mambo yasiyotengana. Gari la abiria linalokuja siku iliyotangazwa, lenye behewa lisilovuja, choo, maji, taa ya usiku na mahali pa mizigo kwa bei ambayo mchuuzi aweza kuilipa, ndilo linaloondoa watu juu ya wagoni. Polisi hawatawaondoa. Ukiwafukuza stesheni hii, watapandia kwenye kona ya mbele, gari linapopunguza mwendo, na huko ndiko hatari zaidi.

Wazee wetu husifu sana magari ya zamani, ya wakati wa B.C.K., kwamba yalifika kwa saa. Tunawaheshimu wazee, lakini na sifa hii ipimwe. Saa ilikuwa nzuri. Mabehewa hayakuwa sawa kwa wote, na rangi ya ngozi ilijua mahali pake pa kukaa. Na tukirudi nyuma zaidi, njia ya kwanza ya reli katika nchi hii, ile ya Matadi hadi mahali panapoitwa sasa Kinshasa, ilijengwa kuanzia mwaka 1890 hadi 1898. Walitumwa wenyeji kwa nguvu, wakaletwa watu wa Afrika ya Magharibi na hata Wachina. Hesabu ya serikali ilisema walikufa watu 1,932: weupe 132 na weusi 1,800. Tazameni hesabu hiyo ya pili jinsi inavyoishia na sifuri mbili. Weupe walihesabiwa mmoja mmoja. Weusi walikadiriwa kwa mamia. Reli yetu ilianza kwa wafu wasio na mstari katika kitabu, na desturi hiyo haijaachwa.

Hatusemi kwamba hakuna kilichofanyika. Shirika la reli la taifa, SNCC, lina njia ya kilomita kama 3,600 mikononi mwake, nyingine ya zamani sana, na kuitunza si kazi ndogo. Mwaka 2010 Banki ya Dunia ilikubali kusaidia kazi ya kutengeneza njia na kununua injini. Lakini ajali za 2014, 2017, 2019 na 2022 zote zimekuja baada ya hapo. Mwaka 2023 serikali ya Angola ilikabidhi reli ya Lobito kwa kampuni za kigeni kwa miaka 30, na tangu hapo yazungumzwa sana juu ya shaba na kobalti ya kwetu itakayopita humo hadi baharini. Vizuri. Shaba itafika kwa saa yake, na itafika na karatasi zake, kila tani imeandikwa. Majirani zetu wa Tanzania walianza mwaka 2024 kupeleka abiria kwa reli mpya ya umeme, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha hadi Dodoma, safari ya chini ya saa nne. Reli ile nayo itabeba mizigo, lakini walianza na watu.

Wako watakaosema: hata nchi zenye magari mazuri huanguka. Ni kweli, na mfano mmoja wafaa kutajwa, kwa maana unagusa sikukuu yetu. Tarehe 24 Julai 2013, mkesha wa Mtakatifu Yakobo Mtume, gari la mbio lililotoka Madrid lilikuwa karibu kufika Santiago de Compostela, mahali pa hija. Liliingia katika kona ya kilomita 80 kwa saa likiwa na mwendo uliopita mara mbili ya huo. Walikufa watu 79. Mwendesha gari alikuwa akizungumza kwa simu na mtumishi mwenzake wa gari. Mara moja lawama yote ilimwangukia yeye, naye hakukana kosa lake. Lakini jamaa za marehemu hawakutosheka. Waliuliza kwa nini katika kona ya hatari namna ile hapakuwa na chombo cha kupunguza mwendo kama mtu akisahau. Waliuliza kwa miaka 11. Katika hukumu ya kwanza, mwaka 2024, hakimu aliwatia hatiani watu wawili: mwendesha gari, na pamoja naye mtu aliyekuwa mkuu wa usalama katika shirika linalosimamia njia. Tangazo la siku ya kwanza lilikuwa na jina moja. Hukumu ilikuwa na mawili. Hilo ndilo tunalolitafuta hapa kwetu, nalo haliwezekani maadamu tangazo limekwisha kuwahukumu wafu.

Sheria ya Mungu haikuacha jambo hili gizani. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22, Waisraeli waliagizwa kwamba ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Haikuulizwa kwanza kama yule aliyeanguka alikuwa na ruhusa ya kupanda darini! Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ikieleza amri ya tano, namba 2269, yafundisha kwamba amri hiyo yakataza pia kumtia mtu katika hatari ya kufa bila sababu nzito. Tuwafundishe hivyo watu wetu. Tumezoea kuuliza katika maungamo juu ya panga na sumu. Hatuulizi juu ya sahihi iliyowekwa chini ya karatasi ya ukaguzi ambao haukufanyika.

Kanisa limetupa hivi karibuni mfano wa mtu wa kazi hiyo. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Floribert Bwana Chui alitangazwa mwenyeheri. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa kijana wa Goma, mtumishi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Alikataa fedha ili asiruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni, na kwa ajili hiyo aliuawa, mwezi Julai 2007, majuma machache kabla ya ajali ya Benaleka. Watu ambao wangekula chakula kile hakuwajua kwa majina, wala wao hawakumjua. Twaona kazi yake haikuwa mbali na ya yule anayepiga magurudumu kwa nyundo kabla gari halijaondoka, akisikiliza kama chuma kinalia vizuri. Akisikia kinalia vibaya, na mkubwa wake ana haraka, na mfanyabiashara ameweka kitu juu ya meza, ndipo tunapojua kama katekisimu ilimwingia.

Na sisi tulio kando ya reli tusijifanye watu wasio na doa. Wako kati yetu wanaofungua bolti na kukata nyaya za shaba za umeme wa reli, na wako wanaozinunua wakijua zimetoka wapi. Wako vijana wanaopanda juu ya paa la behewa hata kama ndani pana nafasi, ili wasilipe. Wako wanaompa mlinzi kitu kidogo, kisha wanamlaumu kwa kupokea. Haya nayo tuliyapima, na hatukuyaona mepesi. Lakini aliyeiba bolti hawezi kusimamisha gari, wala mama aliyepanda na magunia. Aliye na mamlaka ya kusema «gari haliondoki» ni mmoja au wawili katika kila stesheni. Tangazo la ajali halimtaji kamwe.

Basi, tangazo zuri lingekuwaje? Lingeanza na majina, hata kama yangekuja polepole. Lingesema gari lilikaguliwa wapi na lini. Lingesema gari la abiria la mwisho katika njia ile lilipita siku gani, ili msikilizaji aelewe kwa nini watu walikuwa juu ya wagoni. Lingesema siku ambayo matokeo ya uchunguzi yatasomwa mbele ya watu, na lingekuja tangazo la pili siku hiyo ikifika. Kwa maana hili la pili ndilo tunalolikosa zaidi. Na mahali pa clandestins lingeandika neno la kawaida, wasafiri.

Maparokia na vituo vya njia ya reli, kutoka Tenke kupitia Lubudi na Luena hadi Kamina, na kutoka huko upande wa Kasai na upande wa Kabalo, vyaweza kuanza bila kungoja. Mwezi wa Novemba, tunapokusanya majina ya marehemu kwa ajili ya Misa, makatekista wafungue ukurasa wa peke yake kwa wafu wa gari la moshi. Waandike jina, umri, kijiji, stesheni aliyopandia na mwaka. Wasiobatizwa nao waandikwe, na Waprotestanti, na Waislamu. Yule ambaye jina lake halikupatikana aandikwe kwa namna anavyokumbukwa: mwuza samaki wa Luena, mtoto wa yule mama. Nakala moja ibaki katika kabati la parokia, na nyingine ipelekwe kwa mkuu wa stesheni iliyo karibu, naye atie sahihi kwamba ameipokea.